Hofu, kichefuchefu na presha: mgonjwa wa upasuaji na ndugu zake wajiandae vipi

Mgonjwa anayelazwa Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, leo ili apasuliwe kesho, awe ametoka Ngamiani, Pangani au juu Lushoto, huingia wodini na mambo matatu yanayosumbuana: moyo kwenda mbio, tumbo kuchafuka, na presha isiyotulia. Hofu humwaga adrenalini mwilini. Adrenalini hupandisha presha na kulichelewesha tumbo kushusha chakula. Tumbo zito huleta kichefuchefu. Na presha ikishuka ghafla kwenye meza ya upasuaji, kitu cha kwanza mgonjwa anachokihisi mara nyingi ni kichefuchefu hichohicho. Kwa sababu hiyo hatuyatenganishi hapa. Jambo moja litarudi tena na tena: sema mapema. Mashine ya presha hupima kila baada ya dakika kadhaa, na katikati ya kipimo na kipimo anayejua kinachoendelea ni mgonjwa mwenyewe.

Wiki mbili kabla: ijue presha yako ya kila siku

Daktari wa usingizi hahitaji presha nzuri ya kumfurahisha. Anahitaji kujua ya kwako ya kawaida ni ngapi, kwa sababu mezani atajitahidi isiende mbali na hapo, kwa kawaida isizidi asilimia 20 juu au chini. Mtu aliyezoea 150 kwa namba ya juu akishushwa hadi 120 tayari yuko kwenye ukingo huo. Aliyezoea 110 hufika ukingoni kwenye 88. Namba ileile ya 110 ni njema kwa mmoja na ni hatari kwa mwingine. Bila kumbukumbu zako, daktari atabaki na kipimo kimoja cha asubuhi ya upasuaji, na hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote, maana umepimwa ukiwa na hofu.

Chukua daftari dogo. Pima asubuhi na jioni kwa siku 7, nyumbani kama una mashine, au kwenye zahanati iliyo karibu. Kipimo kizuri kina masharti yake:

- Usinywe kahawa, usivute sigara wala usitembee kwa haraka dakika 30 kabla. Aliyeendesha baiskeli kutoka Makorora hadi kituoni akae kwanza.
- Nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa hupandisha presha.
- Kaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu haijapishana.
- Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia hutoa namba kubwa kuliko ilivyo.
- Mkanda ufungwe juu ya ngozi. Ukibana sana kwa sababu mkono ni mnene, namba itapanda kwa uongo. Omba mkanda mkubwa.
- Usiongee, na anayekupima asikuulize habari za nyumbani wakati mkanda unajaa.
- Pima mara mbili, pumzika dakika 1 katikati, andika zote mbili. Siku ya kwanza pima mikono yote. Ukikuta mmoja una namba kubwa, endelea na huo.

Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2016, inayofuatwa na wataalamu wengi wa usingizi hata nje ya nchi hiyo, husema upasuaji usio wa dharura unaweza kuendelea presha ikiwa chini ya 180 kwa 110. Kwa hiyo ukikutwa na 160 asubuhi hiyo usione kwamba umeharibu kila kitu. Na ukiwa juu ya 180, usikubali mtu akupe kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi ili ishuke haraka upate kuingia. Presha iliyopanda kwa miaka haishushwi kwa nusu saa. Ubongo na moyo vilivyozoea msukumo mkubwa hukosa damu, na mtu anaweza kupata kiharusi akiwa na namba nzuri kwenye mashine. Ni bora kuahirishiwa, kurekebishiwa dawa, na kurudi baada ya wiki kadhaa.

Wiki hizi punguza ng'onda, papa na samaki wengine wa chumvi. Ukiupenda mchuzi wake, mloweke usiku kucha, badilisha maji, ndipo umpike. Chumvi ya samaki hao inatosha kuipindua kazi ya kidonge.

Dawa: zipi zimezwe, zipi zisimamishwe

Kosa linalotuumiza zaidi ni la mgonjwa anayeambiwa "usile kitu asubuhi" naye akaacha na dawa ya presha, kisha anafika na 190. Uliza dawa moja moja, kwa jina, siku ya kuonana na daktari wa usingizi. Kwa kawaida jibu huwa hivi:

Amlodipini na nifedipini inayoyeyuka polepole huendelea, pamoja na asubuhi ya upasuaji. Atenololi, propranololi na bisoprololi huendelea bila kukosa. Zikikatwa ghafla moyo huenda mbio na presha huruka. Methyldopa, ambayo wajawazito wengi hupewa, nayo haikatwi. Zinazosimamishwa mara nyingi, kama saa 24 kabla, ni jamii ya kaptoprili, enalaprili na losatani, kwa sababu zikikutana na dawa ya usingizi au ganzi ya mgongoni presha huanguka na kukaidi dawa za kuipandisha. Dawa za kukojoa kama hidroklorothiazidi na furosemidi huachwa asubuhi hiyo ili usiingie mwili ukiwa mkavu, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo ambaye daktari wake ameagiza vingine. Dawa za kisukari na za kuyeyusha damu zina taratibu zake, usijiamulie.

Kidonge kinachoruhusiwa kinamezwa na maji kidogo, funda moja au mawili. Funda hilo haliharibu mfungo.

Leta pakiti zenyewe kwenye mfuko. "Kile cheupe kidogo" hakimsaidii daktari.

Sema pia usivyopenda kusema. Dawa za miti shamba, choya, vitunguu saumu vya kumeza kila siku kama dawa, mirungi, ugoro, bangi, tembo la mnazi. Hakuna anayekuuliza ili akuhukumu. Choya hushusha presha, vitunguu saumu vingi huongeza kutoka damu, mirungi hupandisha presha na mapigo, na anayekunywa mnazi kila siku anaweza kuhitaji kipimo tofauti cha dawa ya usingizi, kisha akatetemeka na kuchanganyikiwa siku ya pili kwa kuukosa. Akikuuliza kiasi, mtajie kiasi halisi: vibuyu vingapi, kwa siku ngapi za wiki.

Siku moja kabla: hofu ipewe nafasi yake

Kumwambia mtu "usiogope" hakujawahi kumtuliza mtu. Hofu ya upasuaji ina vipande, na kila kipande kina dawa yake. Muulize mgonjwa wako aipime kwa namba, 0 hadi 10, kisha muulize anaogopa nini hasa. Akitaja 7 au zaidi, mwambie sista amfikishie mtaalamu wa usingizi habari hiyo jioni ileile, asingoje asubuhi. Kuna vidonge vya kutuliza, kama diazepamu miligramu 5 hadi 10 usiku, ambavyo daktari huweza kuandika. Kwa wazee na wenye matatizo ya kupumua kipimo hupunguzwa au dawa huachwa kabisa.

Hofu tunazozisikia mara nyingi ni hizi.

*Sindano ya mgongo itanipooza.* Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, aghalabu kati ya pingili ya tatu na ya nne, kwenye mfuko wa maji ambamo zimebaki nyuzi za neva zinazoelea na kuipisha sindano. Miguu kuwa mizito baada ya sindano ni kazi ya dawa, na huisha kwa saa 2 hadi 4. Madhara ya kudumu yapo lakini ni nadra sana. Maumivu ya mgongo ya siku chache ni ya kawaida zaidi, na wengi huyapata hata bila sindano kwa kulala kwenye meza ngumu.

*Nitasikia wakinikata.* Kwa ganzi ya mgongoni utahisi kuguswa, kuvutwa na kusukumwa. Maumivu makali hupaswi kuyahisi. Kabla ya kuanza watakujaribu kwa kitu cha baridi au ncha ya kitu chenye makali. Jibu kwa ukweli. Usijikaze kiume, wala usione haya kusema "bado nasikia".

*Nitavuliwa nguo mbele ya watu.* Hofu hii husemwa kwa sauti ya chini, hasa na wanawake na wanaume wanaokwenda kutolewa mabusha, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua vizuri. Omba kubaki na khanga au shuka hadi ulale mezani. Omba ufunikwe kila sehemu isiyofanyiwa kazi. Ukitaka akuhudumie mtu wa jinsia yako wakati wa kuwekwa mpira wa mkojo, omba jana yake, kwani asubuhi zamu zimeshapangwa. Kufunikwa kunasaidia pia presha: mgonjwa anayetetemeka kwa baridi mishipa yake hujikaza na namba hupanda.

*Hawanijui, watanichanganya na mwingine.* Utaulizwa jina, upasuaji gani, upande gani, zaidi ya mara moja na watu tofauti. Ni utaratibu wa usalama uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya kutoka chumbani. Jibu kila mara kwa ukamilifu.

Zoezi moja la pumzi linatosha, lifanyeni usiku huo mara mbili ili asubuhi liwe limezoeleka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo likipanda. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Usivute kwa nguvu wala kwa haraka, kwani kuhema sana huleta kizunguzungu na ganzi ya midomo, na hapo hofu huzidi. Anayesoma uradi au kuomba dua polepole anakaribia mwendo huohuo wa pumzi. Aendelee na uradi wake.

Hirizi: mvue mgonjwa mkononi na kiunoni, ikae kwa ndugu yake. Ikifichwa chini ya mkanda wa presha huharibu kipimo, na ikiwa karibu na panapokatwa huzuia kusafisha. Mzee akikataa, muulizeni kwa adabu, "Babu, tukushikie sisi hapa mlangoni mpaka utoke?" Wengi hukubali wakijua iko mikononi mwa mwenzao.

Ndugu nao wana kazi: wawili wanatosha wodini, na mmoja tu awe wa kuongea na madaktari. Habari za fulani aliyefia mezani zisifike kitandani, na msinong'one mlangoni. Mgonjwa husikia, na asichokisikia hukijaza mwenyewe.

Kufunga: watu hukosea pande zote mbili

Chakula kinachobaki tumboni kinaweza kupanda kooni ukiwa usingizini na kuingia mapafuni. Hiyo ndiyo sababu, na ni nzito. Lakini kufunga kupita kiasi kunaumiza pia. Mgonjwa aliyekula jioni, akanyimwa hata maji hadi mchana wa siku ya pili, huingia mezani amekauka, ana kichwa na kichefuchefu tayari, na ganzi ya mgongoni ikimkuta hivyo presha huporomoka.

Kwa mtu mzima ambaye hana tatizo la tumbo, hesabu ni hii: saa 8 baada ya mlo mzito au wa mafuta, saa 6 baada ya mlo mwepesi, saa 2 baada ya maji. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, pilau, wali wa nazi na nyama mwisho wake ni saa 6 usiku. Mkate mkavu na chai mwisho ni saa 8 usiku. Maji na chai ya rangi mwisho ni saa 12 asubuhi. Hakuna haja ya kuamka usiku kula. Kula kawaida saa 2 usiku, kisha kunywa maji glasi moja ukiamka alfajiri, kama wodi imeruhusu.

Maziwa ni chakula, na chai ya maziwa pia. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi kama maji. Juisi ya embe au ya machungwa ya Muheza yenye nyuzi ni chakula. Dafu uliza kwanza, hasa mwenye ugonjwa wa figo, kwa kuwa lina potasiamu nyingi. Mtoto anayenyonya anasimamishwa saa 4 kabla. Maziwa ya kopo au ya ng'ombe saa 6. Maji saa 2, na asinyimwe.

Ramadhani ina mtego wake. Anayekula daku saa 10 alfajiri, kwa wali na mchuzi, hajatimiza saa 6 kufikia saa 3 asubuhi, ingawa mwenyewe anaona yumo ndani ya funga. Sema ulikula saa ngapi na ulikula nini. Na aliyepangwa mchana asishinde bila maji kwa kushika funga. Ni mgonjwa, ruhusa anayo, na siku atazilipa.

Mjamzito, mwenye uvimbe mkubwa wa tumbo, mwenye kisukari cha muda mrefu, na aliyeumia ghafla, tumbo lao huchelewa kumwaga chakula. Wafuate maagizo yao wenyewe hata kama yanatofautiana na hesabu hii. Na ukiwa umekula kwa kusahau, sema. Kuficha andazi moja kunaweza kugharimu mapafu.

Kichefuchefu hupangwa kabla hakijaja

Kuna maswali manne, yaliyochapishwa na mtafiti Apfel na wenzake mwaka 1999, yanayokisia nani atatapika baada ya nusu kaputi: ni mwanamke? Havuti sigara? Aliwahi kutapika baada ya upasuaji, au hutapika safarini? Atahitaji dawa kali za maumivu za jamii ya mofini? Kila "ndiyo" ni pointi moja. Asiye na hata moja ana uwezekano wa karibu asilimia 10. Mwenye moja, 20, mbili, 40, tatu, 60, nne, 80.

Wengi wakiulizwa "unatapika safarini?" husema hapana, kwa sababu hawasafiri sana. Jiulize hivi: basi likipanda kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto, unashika mfuko? Ulipovuka kwenda Pemba kwa chombo, ulilala chini? Kama ndiyo, mwambie mtaalamu wa usingizi, naye ataanza kinga mapema. Kwa mwenye pointi mbili au zaidi huchanganywa dawa mbili za jamii tofauti, mara nyingi deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 mwanzoni na ondansetroni miligramu 4 karibu na mwisho. Pale inapofaa anaweza kuchagua ganzi ya mgongoni badala ya nusu kaputi. Mwenye kisukari akumbushe, kwani deksamethasoni hupandisha sukari.

Mezani

Kabla ya kuingia, ondoa rangi ya kucha. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine ya oksijeni inayobanwa kidoleni, na haitoki kwa kusugua. Anayejua atapasuliwa aache angalau vidole viwili bila kupaka. Meno ya bandia, pete, hereni na nywele za kubandika vibaki kwa ndugu.

Ganzi ya mgongoni hufanya hivi. Utakaa ukingoni mwa meza, kidevu kifuani, mgongo umeupinda kwa nje kama upinde, mabega yamelegea. Utasafishwa na dawa ya baridi. Sindano ya kwanza ndogo huchoma. Ya pili utahisi kusukumwa tu. Ukihisi shoti mguuni, sema ni mguu gani, lakini usiruke. Baada ya dawa utalazwa chini, na ndani ya dakika chache miguu itakuwa ya moto na mizito.

Dakika 20 zinazofuata ndizo za kuangaliwa sana. Dawa hulegeza mishipa ya miguu na tumbo, damu hutuama huko, na presha hushuka. Mgonjwa huhisi mate kujaa mdomoni, kichefuchefu, miayo, jasho la baridi, kizunguzungu, au macho kuona giza. Hapo usingoje kutapika. Sema, "Daktari, nahisi vibaya, tumbo linachafuka." Kwa sentensi hiyo watapima mara moja, wataongeza mwendo wa dripu, na wataweka efedrini miligramu 5 au 10 kwenye mshipa, au dawa nyingine ya kukaza mishipa. Mapigo yakiwa polepole sana wataongeza atropini. Kichefuchefu cha namna hii huondoka ndani ya dakika moja au mbili presha ikirudi, bila dawa yoyote ya kuzuia kutapika. Tunasisitiza hili kwa wahudumu pia: mgonjwa wa ganzi akilalamika kichefuchefu, pima presha kabla ya kunyoosha mkono kwenye metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Na metoklopramidi yenyewe isukumwe polepole, kwa dakika 3 au zaidi. Ikiingia kwa haraka huleta wahka wa ajabu, mgonjwa akataka kushuka mezani, na watu wakadhani ni hofu.

Mama anayejifungua kwa upasuaji ana hatari zaidi, kwa sababu tumbo la mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana huegemezwa kushoto, kwa mto mdogo chini ya nyonga ya kulia au meza ikainamishwa kiasi cha digrii 15. Akiona amelazwa bapa na anajisikia vibaya, ana haki ya kukumbusha: "Sista, naomba nigeuzwe kidogo kushoto." Kichefuchefu hurudi tena mtoto anapotoka, kizazi kinapovutwa, au dawa ya kukaza kizazi inapoingia. Oksitosini ikisukumwa haraka hushusha presha. Egometrini huipandisha na hutapisha, kwa hiyo mama mwenye presha au dalili za kifafa cha mimba asipewe. Mama wa namna hiyo aseme kichwa kikimuuma sana, macho yakiona vimulimuli, au chini ya mbavu za kulia kukiuma, hata kama ameshajifungua.

Ukihitaji kutapika mezani, sema, kisha geuza kichwa pembeni. Mikono iache ilipo. Ina dripu na mkanda.

Wodini, saa 24 za kwanza

Mwanzoni presha hupimwa kila dakika 15, kisha kwa nafasi kubwa zaidi kadiri mgonjwa anavyotulia. Namba ikipanda, tafuteni sababu kabla ya kuomba dawa ya presha: maumivu, kibofu kilichojaa, baridi, hofu, au vidonge vya kawaida vilivyorukwa. Kibofu ndicho kinachosahauliwa zaidi. Baada ya ganzi ya mgongoni mgonjwa hahisi mkojo. Kama hana mpira na saa 6 zimepita hajakojoa, mwambieni nesi.

Namba ikishuka ni habari nyingine. Mwiteni nesi papo hapo mkiona viganja vimekuwa vyeupe, jasho la baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, bandeji inayolowa, mgonjwa anayetapatapa au anayezidi kusinzia. Huenda anavuja damu ndani. Msimpe maji, msimkalishe. Mlazeni bapa hadi nesi afike.

Kichefuchefu cha wodini mara nyingi hutokana na dawa za maumivu kama tramadoli, pethidini na mofini, au na kunyanyuliwa haraka. Mlazeni kwa ubavu, kichwa kimeinuka kidogo, kama daktari hajakataza. Ondoeni harufu: samaki wa kukaanga wa mgonjwa wa jirani, manukato, udi kwenye nguo za wageni. Kama kuna kitambaa kidogo cha spiriti cha kwenye pakiti, kile cha kufutia ngozi kabla ya sindano, mshikieni karibu sentimita 2 chini ya pua avute pumzi ndefu mara tatu; kwa wengi husaidia ndani ya dakika chache. Isiwe spiriti ya chupa ya kuwashia moto. Kuna pia kubonyeza kifundo cha mkono: pimeni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kutoka mkunjo wa kiganja kuelekea kiwiko, kati ya kano mbili, mbonyeze kwa dole gumba dakika 2 hadi 3, mkono usio na kanula, yaani sindano ya dripu. Hakuna gharama wala dhara. Tangawizi husaidia baadhi ya watu, si wote, na ni ya baadaye, anaporuhusiwa kunywa.

Dawa ya kuzuia kutapika ikishindwa na haijapita saa 6, kurudia ileile hakusaidii sana. Ombeni ya jamii nyingine.

Kunywa kuanze kwa kijiko, maji tu, na kwa aliyepasuliwa utumbo kusianze mpaka daktari aseme. Akitapika, subirini nusu saa ndipo mjaribu tena. Supu ya kongoro inayoletwa na shangazi kwa mapenzi ingoje. Mafuta yake hurudisha kila kitu.

Kusimama mara ya kwanza: inueni kichwa cha kitanda dakika chache. Akae miguu ikining'inia dakika 3. Asimame ameshikwa na mtu mzima, atulie dakika moja kabla ya hatua ya kwanza. Akiona giza, arudi kulala, asisukumwe hadi chooni kwa kuona aibu ya beseni.

Mkirudi nyumbani

Uliza kabla ya kuruhusiwa: dawa za presha zilizosimamishwa zinaanza lini? Wengi huondoka bila jibu hilo, wakakaa mwezi mzima bila kidonge. Losatani na jamaa zake kwa kawaida hurudishwa ndani ya siku mbili, mgonjwa akiwa anakunywa vizuri na presha imetulia. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuumiza figo zikimezwa siku nyingi. Mwenye presha aombe parasetamoli iwe ya kwanza.

Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, ndani ya siku 5 baada ya sindano ya mgongo, ni kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo. Kinatibika, rudi hospitali, usinunue dawa dukani. Rudi pia ukitapika zaidi ya siku moja bila kushika hata maji, tumbo likijaa na upepo usitoke, ukipata homa, au presha ikifika 180 kwa 110 mara mbili mfululizo baada ya kupumzika dakika 5. Anayekaa mbali asikimbilie basi la Kange, stendi ya Tanga, hali ikiwa mbaya. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na aende na daftari lake la presha na karatasi ya kuruhusiwa, kwa sababu mhudumu wa zamu ya usiku atahitaji kujua presha ya kawaida ni ngapi na dawa zipi zilisimamishwa.